Vichwa Viwili vya Tumbo Moja

Nilimkuta binti wa kaka yangu ameketi nyuma ya ghala la pamba, kipande cha khanga kimefungwa kichwani, sikio la kushoto limevimba mpaka tundu lake halionekani. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Nilimuuliza nani kakufanya hivi, ingawa nilishajua. Akasema, "Nilijilaza kwenye mistari ya pamba, shangazi." Hakusema baba kanipiga. Alitaja kosa lake kwanza, na alilitaja kwa adabu, kama mtu anayeulizwa jina na mwalimu.

Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba, huko Bunda ambako kaka yangu analima na kufuga ng'ombe. Mimi nilikuwa nimetoka Musoma asubuhi ile na furushi la sare za shule, maana ni fundi cherehani pale mtaa wa Iringo na watoto wa kaka nawashonea mwenyewe. Furushi niliacha palepale chini. Wifi yangu alikuwa anatwanga mtama uani. Nilimpokonya mchi mikononi bila hata salamu, nikaenda nao zizini.

Nina hasira za karibu. Nasema mapema ili nisije nikaonekana malaika baadaye. Kaka alikuwa ameinama anamkamua ng'ombe, na nilimpiga na ule mchi begani, mpigo wa kutwanga hasa, maziwa yakamwagika na ng'ombe akaruka. Aliposimama alinirudishia ngumi ya shavu. Nilianguka kwenye mavi, nikainuka, nikamrudia kwa kucha na meno. Mimi ni mama mtu mzima, nina miaka arobaini na ushee, na majirani waliotutenganisha siku ile walikuwa wananivuta kwa kiuno huku wananiambia pole dada, pole dada.

"Huyu mtoto anaumwa!" nilipiga kelele. "Anaumwa kama mimi nilivyokuwa naumwa!"

"Wewe ulikuwaga mvivu," akasema kaka, anahema, ameshika bega. "Sasa umemwambukiza."

"Kichwa kinampasuka!"

"Kimepasuka wapi? Nionyeshe. Ng'ombe akivunjika mguu naona. Mtu akiwa na homa, ukimgusa anaunguza. Hii kichwa yenu inayouma kila siku, mbona sijawahi kuiona?"

Majirani wengine walicheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomfanya aongeze, maana kaka yangu hupenda kusikilizwa. Alinyoosha mkono mbele ya watu wote.

"Siku nikionyeshwa kwa macho yangu haya, mkono huu hautamgusa tena. Mmesikia. Lakini kama hakuna kitu, atavuna pamba kama wenzake, na asiponyanyuka nitamnyanyua."

Kwa watu wa kwetu, neno lililosemwa mbele ya majirani si mchezo. Nilimuomba anipe mtoto nirudi naye Musoma, akakataa. Mikono ya kuvuna haitoshi. Kwa hiyo nilirudi Iringo na shavu limevimba na kazi moja tu moyoni: kumuonyesha kaka yangu maumivu ya kichwa kwa macho yake, kabla hajamuua mtoto au kumfanya kiziwi.

Niseme kwa nini nilimjua yule binti hata kabla hajafungua mdomo. Tumekulia kijijini Butiama, kaka na mimi, tumbo moja, yeye ananipita miaka minne. Kichwa kilinianza nikiwa na umri uleule wa binti yake. Kwanza jicho moja linaingiwa na ukungu, halafu mistari ya meno ya msumeno inametameta pembeni mpaka uso wa mtu ninayemtazama unapungua nusu. Baada ya hapo ndipo maumivu yanakuja. Yalikuwa yanagonga kutoka ndani nyuma ya jicho la kulia, yanagonga kwa kufuata moyo, na kila kitu chenye mwanga au sauti kilikuwa adui. Jogoo akiwika nilitaka kumvunja shingo. Nilitapika mpaka nyongo. Mara mbili niligonga kichwa ukutani mpaka udongo ukabanduka, kwa sababu maumivu ya nje angalau yalikuwa ya kwangu, nimeyataka mwenyewe.

Baba alikuwa amempa kaka kazi ya kutusimamia shambani. Akinikuta nimelala kwenye kivuli alianza na maji, anamwaga kopo zima usoni. Nisipoamka, fimbo. Nisipoamka, ananiinua kwa sikio na kunipiga makofi ya kichwa, kulia na kushoto, huku anasema, "Simama. Simama. Simama." Kofi la kichwani wakati ule si kofi. Nilikuwa naona weupe mtupu, na ndani ya weupe ule nilikuwa namchukia kaka yangu kwa nguvu ambazo sikujua mtoto anaweza kuwa nazo. Nilisimama. Nililima nikiwa nimefumba jicho moja, natapika kwenye mfereji, nalima tena.

Mama ndiye aliyenipeleka kuchanjwa. Bibi mmoja jirani alikuwa na wembe na unga mweusi kwenye ganda la konokono. Alinichanja chale tatu kila upande wa paji la uso, kaka akiwa amekalia miguu yangu ili nisirushe. Damu iliingia machoni. Unga ulipopakwa nilipiga yowe, na kaka akaniambia, "Nyamaza, unatia aibu." Wateja wangu Iringo wanadhani alama hizi ni urembo wa kabila. Huwa nawaacha wadhani.

Basi, mwaka huu, wiki mbili baada ya ule ugomvi wa mchi, kichwa kilinishika siku nne mfululizo. Jirani yangu wa fremu ya pili, Mwislamu mmoja mwenye duka la vitambaa, alifunga duka lake akanipeleka hospitali akinishika mkono kama kipofu. Nilikutana na daktari mwanamke, mfupi, mwenye sauti ya chini. Aliuliza maswali ambayo hakuna mtu aliwahi kuniuliza: upande gani, mwanga unaumiza, unaona mistari kabla? Nilipojibu ndiyo mara ya sita nilianza kulia. Akasema, "Mama, hiki ni kipandauso."

Nilicheka nikiwa naumwa. Kipandauso! Ndivyo kinavyofanya hasa, kinaanzia shingoni kinapanda, kinapanda, mpaka kinakaa kwenye jicho. Nilikuwa nimeishi na kitu hiki zaidi ya miaka thelathini kwa jina la uvivu.

Aliponipa dawa aliniambia kuna utafiti. Yeye na wenzake walikuwa wanapiga picha za ubongo za watu wenye kipandauso na kuzilinganisha na za ndugu zao wa tumbo moja ambao hawana. Mashine ya sumaku ilikuwa imeletwa, ile ndogo ya kusukuma kwa magurudumu. Ningependa kushiriki?

"Hiyo picha itaonyesha maumivu?" nikauliza.

"Tunatafuta tofauti," akasema. Aliendelea kueleza mambo mengine, kwamba si kipimo cha matibabu, kwamba majibu yanatokana na watu wengi kwa pamoja. Lakini mimi nilikuwa nimeshashika neno moja, tofauti, na nikatoka nalo mlangoni. Kichwa changu na kichwa cha kaka, ubavu kwa ubavu, na tofauti katikati. Aone. Aone kwa macho yake yale.

Nilimpigia simu jioni ileile. Sikumwambia habari ya binti. Nilimwambia wataalamu wanatafuta kichwa kizima cha kulinganisha na kibovu changu.

Alicheka mpaka akakohoa. "Hapo wamepata," akasema. "Nakuja."

Wakati huohuo binti aliendelea kuvuna. Wifi aliniambia kwa kunong'ona kwenye simu kwamba wiki ile alipigwa mara mbili, mara ya pili kwa mpini wa jembe, na kwamba sikio lilikuwa linatoa maji.

Kaka alifika siku iliyopangwa akiwa amevaa koti lake la harusi na kofia ya pama aliyoivuta mpaka kwenye nyusi. Nilimpikia chai na viazi, akakataa, akasema njaa haimsumbui. Nilidhani ni maringo. Tulitembea juani kutoka kwangu mpaka hospitali na hakusema neno njia nzima, na hilo nalo nilidhani ni maringo.

Muuguzi wa utafiti, mwanamume wa makamo mwenye miwani, alitukalisha kwenye benchi moja akaanza na fomu. Mimi nilijibu yangu nusu saa nzima. Kisha akamgeukia kaka.

"Mzee, huwa unaumwa kichwa?"

"Mimi? Sijawahi kuumwa."

"Hata mara moja moja?"

"Mura, unaniuliza swali moja mara ngapi?" Mura ni kijana, na muuguzi yule alikuwa na mvi. "Sijawahi kuumwa tangu nizaliwe. Muulize huyu."

Muuguzi alinitazama. Nilitikisa kichwa kukubali, tena kwa furaha. Ni kweli, sikuwahi kumuona kaka yangu amelala mchana hata siku moja ya maisha yetu. Fomu ilikuwa imeandikwa kwamba anayejibu hapana aruke mpaka ukurasa wa saba, kwa hiyo muuguzi akafunua kurasa kadhaa kwa mkupuo mmoja: ile ya mwanga, ile ya sauti, ile ya kutapika. Nilizisikia zinavyopinduka.

Kilichofuata ni kuvua chuma. Walitoa pini kumi na moja kwenye kifua cha blauzi yangu, maana fundi ni fundi, na nyingine mbili kwenye kilemba ambazo sikuwa na habari nazo. Muuguzi alishangaa kwamba bado niko hai. Kaka alivua saa na mkanda, na kofia aliivua mwisho kabisa, polepole.

Nililala mimi kwanza. Kichwa kinaingizwa kwenye kitu kama ndoo nyeupe isiyo na kitako, na mashine inagonga, inatulia, inagonga kwa namna nyingine. Mtu wa kawaida anaambiwa asitikisike na asiwaze sana. Mimi nilikuwa naomba. Niliomba kichwa kiniume, tena kiniume kuliko siku zote, ili picha itoke chafu. Nilimwambia Mungu kwamba miaka yote nimekuomba uniondolee na hukunisikia, leo nakuomba unipe. Hakunipa. Niliinuka mzima kama jiwe, na nikamlaani kimoyomoyo.

Kaka akalala. Daktari aliniruhusu nibaki kwenye kiti cha pembeni. Dakika kumi za kwanza alitulia vizuri, mikono kifuani, na daktari akamsifu. Mashine ikabadilisha mlio, ikaanza ile ya haraka haraka. Niliona vidole vya miguu yake vinajikunja. Vikaendelea kujikunja mpaka mguu mzima ukakakamaa. Picha zilikuwa zimebakia kidogo kuisha, na daktari alikuwa anamwambia vumilia mzee, bado moja, na mzee alivumilia mpaka ile moja ikaisha. Walipomtoa alikuwa amelowa jasho kwenye koti la harusi. Aliuliza mlango uko wapi, akatoka akipapasa ukuta.

Nilimfuata. Niseme ukweli: sikumfuata kwa huruma. Nilidhani sumaku imemtisha, na nilitaka kumuona anaogopa kitu.

Nyuma ya jengo kulikuwa na matangi ya maji na ukuta wa tofali. Kaka alikuwa ameshatapika. Alikuwa amesimama wima, kiganja kimekandamiza jicho la kulia, na paji la uso analigonga kwenye tofali. Hakuwa analigonga kwa fujo. Aligonga, akatulia, akagonga, kwa kufuata moyo. Tofali lilikuwa na damu kidogo.

Nilimjua mtu yule. Nilikuwa mimi, na kiganja kilikuwa mahali palepale ninapokiwekaga mimi.

"Tangu lini?" nikauliza.

Hakugeuka. "Usipige kelele."

"Tangu lini, kaka?"

"Kabla yako."

"Muuguzi amekuuliza! Umeulizwa mara mbili, mbele yangu, unaumwa kichwa? Ukasema hujawahi!"

"Ameuliza kama naumwaga." Sauti yake ilikuwa inatoka kwenye meno. "Anayeumwa si yule aliyelala? Mimi nimelala lini? Nina kichwa, ndiyo. Kinapiga kila wiki. Lakini kuumwa sijawahi kuumwa."

Na hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Nyumbani kwetu ndivyo tulivyokuwa tunasema: mgonjwa ni aliyelala. Baba alikufa akiwa amekaa kwenye kiti, tumbo limejaa maji, na mpaka siku ile ukimuuliza hali alijibu mimi ni mzima, miguu tu. Kaka alitahiriwa jandoni akiwa na hicho kichwa, akasimama na hakupepesa jicho, na watu walimsifia wiki nzima. Akaenda shambani na hicho kichwa. Akanikuta mimi nimelala.

Yaani alijua. Kila kofi alilonipiga, alijua linatua wapi. Kila mara alipomwaga lile kopo la maji, kichwa chake mwenyewe pengine kilikuwa kinagonga, na akaniangalia mimi nimejilaza kwenye kivuli alichokitaka yeye.

Nilivua kiatu. Kilikuwa cha ngozi, kisigino kigumu. Nilimpiga kichwani. Mgongo ulikuwepo, mikono ilikuwepo, na sikuipiga. Nilichagua kichwa, na nikachagua upande uleule aliokuwa ameukandamiza, kwa sababu nilijua. Nilimpiga mara nne au tano na kila mara nikasema simama, ingawa alikuwa amesimama. Damu ya paji ilitiririka mpaka kwenye kola. Hakuinua mkono kujikinga.

"Unanipiga nikiwa hivi?" akasema.

"Mkuki kwa nguruwe, kaka!"

Daktari alinikamata mkono wa juu. Ni mfupi lakini ana nguvu. Aliniambia maneno ambayo sitayaandika, kisha akamgeukia kaka, akamtazama kile kiganja na yale matapishi, akaelewa kila kitu bila kuelezwa. "Mzee," akasema taratibu, "mficha maradhi..." Hakumalizia. Alimshika bega lilelile nililolipiga kwa mchi, na kaka akaruka kidogo.

Walimpeleka kwenye chumba chenye pazia, wakampa dawa, wakamuonyesha kitanda. Alikataa kitanda. Alikaa kwenye kiti gizani kwa saa tatu, mgongo umenyooka, macho wazi. Mimi nilikaa mlangoni na kiatu mapajani. Kama kuna anayetaka kujua, sikuwa najuta bado. Nilikuwa na utamu mdomoni. Majuto yalikuja baadaye, na hayajaondoka.

Mchana alipoweza kuvumilia mwanga, daktari alituita kwenye chumba chake. Alisema picha za kaka haziwezi tena kuwekwa upande wa wazima. Itabidi azihamishe, na fomu ijazwe upya. Kaka hakujali hayo. Alisema, "Nionyeshe."

Daktari aligeuza kompyuta. Vichwa viwili vya kijivu, ubavu kwa ubavu, kimoja changu na kimoja chake. Niliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Nilikuwa natafuta doa, ufa, mdudu, kitu chochote chenye aibu ya kuonekana. Vilikuwa kama bongo mbili za mbuzi buchani, na usingejua ipi imetoka kwa mbuzi yupi.

"Kiko wapi?" akauliza kaka.

"Hakionekani kwa macho, mzee. Picha moja haisemi. Tunakusanya za watu wengi, kompyuta inapima sehemu ndogondogo, ndipo labda tutajua ubongo wa mwenye kipandauso unafanyaje kazi. Kwa leo naweza kusema hamna uvimbe, hamna damu. Ni picha nzuri."

Picha nzuri! Mbele ya majirani zake alikuwa ameapa: kama hakuna kitu, nitamnyanyua. Nilikuwa nimemleta kaka yangu mpaka Musoma, kwa hila yangu mwenyewe, kuja kupewa ruhusa na daktari. Nilimuona binti ameketi nyuma ya ghala na maji yanamtoka sikioni. "Daktari," nikasema, "tafuta tena. Tazama vizuri. Kuna mtoto." Nilianza kumueleza habari ya mtoto, kwa kelele, bila mpangilio, na kaka akawa anasikiliza kana kwamba nasimulia habari za nyumba nyingine.

Nilipoishiwa pumzi, yeye bado alikuwa anaitazama picha yake. Jicho la kulia lilikuwa jekundu. Aligusa kioo kwa kidole, kwenye ile nusu ya kichwa.

"Hapa ndipo panapopiga," akasema. "Hata sasa hivi panapiga. Na hakuna kitu."

"Hakuna kitu kinachoonekana," akasema daktari.

Kaka aliondoa kidole kwenye kioo. Kisha akasema, akimwambia daktari na si mimi, "Nilikuwa nampiga asije akazoea kulala. Ukilala mara moja utalalaga kila mara. Nilitaka azoee kusimama mapema. Mimi hakuna aliyenifundisha, nilijifunza peke yangu."

Sikumsamehe kwa maneno yale. Nimeyageuza sana tangu siku hiyo, nikiwa kwenye cherehani, na kila nikiyageuza napata hasira mpya. Ningeelewa zaidi kama angekuwa hajui. Lakini nilisema tu, "Twende Bunda. Leo. Sasa hivi."

Daktari alitupa dawa za mtoto na karatasi ya kumleta apimwe sikio. Tulifika kwa kaka jua bado lina nguvu, yapata saa kumi na moja, na kile kichwa chake kilikuwa hakijamwachia kabisa. Alikuwa anatembea kwa kuchagua pa kukanyaga. Wifi alionyesha shambani kwa kidevu.

Binti alikuwa peke yake kwenye mistari. Jua la saa ile likipiga pamba iliyopasuka, shamba zima ni weupe unaochoma macho, hata mimi mzima nilikunja uso. Alikuwa amefumba jicho moja. Anavuna kwa mikono miwili, haraka, gunia limefungwa kiunoni, na midomo yake ilikuwa ya kijivu. Alipomuona baba yake alinyoosha mgongo.

"Kinapiga?" baba yake akamuuliza.

"Hapana, baba."

"Nimekuuliza kinapiga?"

"Siumwi, baba. Nimejaza magunia mawili."

"Lala," akasema kaka.

Mtoto hakulala. Alinitazama mimi, akatazama mikono ya baba yake kuona imeshika nini. Haikuwa imeshika kitu. Kaka akasema tena, "Lala, mama, lala chini hapo kwenye kivuli," na sauti yake ilikuwa ya upole, na nadhani upole ndio uliomtisha zaidi. Alirudi nyuma hatua mbili akaanza kuvuna tena, haraka kuliko mwanzo, anang'oa pamba na maganda yake.

Kaka alisimama akimtazama. Halafu alipiga magoti. Akaweka kiganja kimoja chini, akaweka kingine, kama mtu asiyejua njia, akajinyoosha kifudifudi kwenye udongo katikati ya mistari, na koti lake la harusi, uso kwenye mikono. Sikuwahi kumuona kaka yangu kutoka juu. Utosi wake una upara mdogo. Alikuwa analia au anatapika, sikuweza kujua, mgongo tu ulikuwa unapanda na kushuka.

Binti aliacha kuvuna. Alikuja polepole mpaka karibu na kichwa cha baba yake, akasimama juu yake, gunia bado kiunoni. Alimtazama kwa muda. Kisha akainua macho kwangu, na hakukuwa na ubaya wowote katika uso wake, alikuwa anauliza kazi kama anavyouliza kila siku.

"Shangazi," akasema, "nimpige?"

Nilimwambia hapana. Nilichelewa kidogo kusema, na nadhani alisikia nilivyochelewa.